UZI: Sufuria linaiva wewe uko darasani. Kapu la kuivishia, tui, bizari na ukili kwa mwanafunzi wa chuo (Unguja na Pemba)

#1 BiMekoni

Assalaam aleikum. Naufungua uzi huu kwa ajili ya wanaosoma Tunguu, Chukwani, Mbweni, Beit el Ras na wenzetu wa Pemba. Kipindi kinaanza saa mbili asubuhi, mchana kuna maabara, unarudi alasiri umechoka. Nani atakaa mekoni saa mbili nzima anachungulia maharage? Ndiyo maana wengi wanaishia kwenye chipsi na urojo kila jioni. Urojo ni mtamu, lakini mwili unadai kunde, samaki na mboga.

Dawa yake ni kapu la kuivishia. Maharage, choroko, mbaazi, pweza na mchele vinachemshwa kwa muda mfupi, kisha sufuria linafunikwa ndani ya kapu lenye kuta nene za sufi. Joto halina pa kutokea, chakula kinaendelea kuiva bila moto, wala hakiungui kwa sababu chini hakuna kitu kinachowaka.

Vipimo hivi ni vya sufuria la lita 3 na kitu, kipenyo sm 20, kimo sm 11:

– Kapu la ukili (mkanda wa kusukwa) au la miyaa (majani ya kusukia) lenye kipenyo cha ndani sm 40 na kina sm 33. Yaani sm 10 za sufi chini, sm 11 za sufuria, sm 12 za sufi juu, na sm 10 kila ubavu.
– Doti moja la kanga kuukuu. Upande mmoja una takriban sm 150 kwa 110, zinatosha na kubaki.
– Sufi ya msufi, ile ya kujazia mito. Mito miwili ya zamani inatosha.
– Uzi imara na sindano. Cherehani si lazima.

Kutoka upande wa kwanza wa kanga kata duara mbili za sm 42 na utepe wa sm 128 kwa 12. Hapo unapata mto wa chini, unene sm 10. Upande huohuo kata kipande cha sm 112 kwa 46, kikunje kwa urefu, kishone kiwe mto mrefu. Huo ndio utakaouzungusha sufuria. Ukiukunja duara, ubavu wa ndani utajikunja wenyewe, usiukate. Upande wa pili wa kanga kata duara mbili nyingine za sm 42 na utepe wa sm 128 kwa 14: mto wa juu, unene sm 12. Sentimita moja kila ukingo imeshahesabiwa ya mshono. Kanga inayobaki fanya foronya ya mto wa juu, kwa sababu huo ndio unaopata mvuke na harufu.

Jaza sufi hadi mto usimame wenyewe, lakini usiishindilie. Kinachozuia joto ni hewa iliyokamatwa ndani ya nyuzi. Ukishindilia mpaka mto ukawa mgumu, hewa umeitoa.

Makosa matatu yanaharibu kapu zuri. Sufuria dogo ndani ya shimo kubwa, pakabaki uwazi pembeni. Kifuniko kinachocheza, mvuke ukatoka na kuilowesha sufi. Na sufuria lililojaa robo tu, maana maji machache yana joto kidogo. Jaza angalau theluthi mbili.

#2 Njukuti

Shukran Bi Mekoni. Sufi nyumbani haipo, na mito ya dukani siku hizi ni sponji. Makumbi (maganda ya nje ya nazi) yanafaa? Na nitajuaje kama kapu limekubali kabla sijatia chakula?

#3 UsumbaMakunduchi

Makumbi mazima hapana, yana vumbi na hayajikunji. Usumba unafaa, yaani makumbi yaliyokwisha kuozeshwa na kupondwa yakabaki nyuzi. Akina mama wa mwambao wanaosokota kamba wanao. Chagua uliokauka kabisa na usio na harufu ya matope. Lakini nyuzi zake ni nene kuliko sufi na zinaacha nafasi kubwa, basi ongeza unene: sm 13 hadi 15 pande zote, maana yake na kapu liwe kubwa zaidi. Nguo kuukuu zilizokatwakatwa pia zinafaa, ila kapu litakuwa zito.

Sponji inazuia joto vizuri, ila isigusane na sufuria lililotoka motoni. Weka tabaka mbili za kitambaa kizito cha pamba katikati.

Kulijaribu: chemsha maji, ujaze sufuria, funika, tia kapuni, fungua baada ya saa nne. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, nyuzi joto 70 za Selsiasi au zaidi ni kapu zuri. Chini ya 65 pana upenyo, na mara nyingi upo pale mto wa juu unapokutana na ukingo wa kapu. Huna kipimajoto? Mvuke lazima uonekane ukifungua, na ukigusa ubavu wa sufuria mkono uutoe papo hapo.

#4 BiMekoni

Kaka Usumba amesema yote. Sasa maharage, nusu kilo, watu wanne.

Usiku: osha, roweka kwa lita 2 za maji, saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo. Tia maji mapya lita moja na nusu na kitunguu kilichopasuliwa. Yakishachemka, hesabu dakika 15 za kuchemka kwa nguvu, kifuniko juu, moto usipunguzwe. Kisha hamisha sufuria kapuni mara moja. Usilipeleke kwanza mezani ukaanza kutafuta viatu. Likishafunikwa lisifunguliwe hata kwa kuonja.

Ukianza kuwasha jiko saa kumi na mbili na robo, saa moja kasorobo limeshaingia kapuni nawe unaoga. Saa sita mchana yameiva, na saa saba kasorobo yawe yametoka kapuni.

Maji yapunguze ukilinganisha na kupika kwa moto, kama robo, kwa sababu hakuna yanayokwenda na mvuke. Wanaoanza wengi hutia maji ya kawaida, wakipata maharage yanayoogelea wanalilaumu kapu.

Ukirudi, rudisha motoni yachemke dakika 5, ndipo tungule (nyanya), chumvi, bizari na tui viingie.

Nyakati nyingine, zote baada ya kuchemshwa kwanza:
Choroko zilizorowekwa: chemsha dakika 10, kapuni saa 2.
Mbaazi kavu zilizorowekwa: dakika 15, kapuni saa 4 hadi 5.
Pweza wa kilo moja, mzima au vipande vikubwa: dakika 10, kapuni saa 2 na nusu. Chumvi baadaye, ana yake ya bahari.
Mchele wa mapembe: kikombe 1 kwa maji kikombe 1 na nusu, dakika 5, kapuni dakika 45. Sufuria la wali liwe dogo lililojaa, na pembeni pazibwe kwa taulo.

#5 Wete_Bandarini

Mimi naomba kuuliza upande wa maharage magumu. Kuna watu wanafuata dakika zote, wanaroweka, na bado yanatoka magumu, na ganda linapasuka bila nyama kulainika. Ni kapu au maharage?

#6 MaabaraVuga

Mara nyingi ni maji, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, imekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Maji ya visima yanapita kwenye chokaa hiyo na kubeba kalsiamu. Kalsiamu ikifika kwenye ganda la haragwe inashikana na pektini, ile gundi inayounganisha chembe za mmea, na kuikaza. Ipikwe saa ngapi, gundi haiachii. Angalia birika lako: likiwa na ukoko mweupe mgumu ndani, maji yako ni ya aina hiyo.

Tiba: maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au bicarbonate ya kupikia (ile soda ya kuokea, si baking powder) robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage, itiwe kwenye maji ya kuroweka. Usizidishe. Ikizidi, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na ganda linayeyuka.

Sababu ya pili ni asidi. Tungule, ndimu, ukwaju na embe mbichi vinafanya kazi ileile ya kukaza. Visiingie mpaka haragwe limelainika kabisa, hata kama mchuzi unaonekana mtupu.

Sababu ya tatu ni uzee. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima penye joto na unyevu hulainika kwa shida hata kwa dawa hizo. Dukani chagua yenye ngozi inayong'aa, bila mikunjo.

#7 Kifumbu

Na chumvi je? Wakubwa wetu wanasema chumvi inakaza maharage.

#8 MaabaraVuga

Hilo nalipinga kwa heshima. Chumvi ya kawaida ina sodiamu, na sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, basi inasaidia kulainisha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 2 za maji ya kuroweka, kisha yamwagwe, na maharage yanaiva na ganda zima. Kinachowapotosha watu ni kwamba chumvi kwa kawaida hutiwa pamoja na tungule, na lawama ikaiendea chumvi.

Nikiwa hapo hapo, tuzungumze usalama, kwa sababu kapu likitumiwa ovyo linaumiza watu.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoitwa phytohaemagglutinin. Inavunjika ikichemshwa kwa nyuzi 100 angalau dakika 10. Joto la nyuzi 75 au 80 la ndani ya kapu haliivunji. Zile dakika 15 za Bi Mekoni ndizo zinazoivunja, msizipunguze kwa sababu ya kuwahi daladala. Dalili za sumu hiyo ni kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha kumlaza mtu.

Jambo la pili ni bakteria. Wanazaliana kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kinapokaa kapuni juu ya 60 kiko salama. Kikishuka chini ya hapo na kukaa vuguvugu, kapu limegeuka kitalu chao. Muda wa saa 6 ndio mwisho kwa sufuria la lita 3 lililojaa, saa 2 kwa sufuria dogo la wali. Wali hasa: una mbegu za bakteria wa Bacillus cereus zisizokufa kwa kuchemka, na sumu ya kutapisha wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto tena. Wali uliokaa vuguvugu mchana kutwa umwagwe.

Nyama ya kusaga na kuku mzima visitiwe kapuni kabisa kwa anayeanza.

#9 Kifumbu

Nimeridhika. Basi niseme ya tui, maana maharage bila nazi kwa mtu wa Pemba ni dawa, si chakula.

Nazi moja kubwa, ikunwe kwa mbuzi au isagwe kwa blenda vipande vidogovidogo. Maji ya uvuguvugu kikombe kimoja (mililita 250), kamua kwa kifumbu au kitambaa: hilo tui zito, liweke kando. Rudishia machicha maji vikombe viwili, kamua: tui jepesi. Jepesi ndilo linaloingia kwanza kwenye maharage na kuchemka nayo dakika 10. Zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga mpaka linapoanza kutokota pembeni, unaepua.

Tui linakatika kwa sababu tatu: moto mkali bila kukoroga, ndimu iliyotiwa likiwa linachemka, na sufuria kufunikwa kifuniko. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua.

Tui bichi halingoji. Kwa joto letu, likikaa nje tangu asubuhi, jioni limechacha. Kamua linapohitajika, kama lazima lisubiri, lipate moto kwanza, lipoe, liingie friji. Na kwenye kapu tui lisitiwe, mafuta yanapanda juu na ladha inageuka.

#10 Njukuti

Dada Kifumbu, dakhalia (mabweni) nyingi haziruhusu mbuzi wala blenda usiku kwa kelele. Na gesi je, kapu linaokoa kiasi gani kweli?

#11 BiMekoni

Kwa kelele: nazi ikunwe alasiri, au igandishwe ikiwa imekunwa, mafungu ya nazi nusu nusu, ukiwa na friza.

Gesi tufanye hesabu. Jiko la ringi moja likifunguliwa lote lina nguvu kama kilowati 2.5, linakula takriban gramu 200 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 unawaka kama saa 30 kwa moto mkubwa. Maharage ya kawaida yanakaa motoni saa moja na nusu hadi mbili, hata ukipunguza moto baadaye. Kwa kapu moto wa kuchemsha na kumalizia haufiki saa moja kwa jumla. Mtu anayepika kunde mara tatu kwa wiki ataiona tofauti kwenye mtungi mwenyewe.

Na jambo moja ambalo nalisema kwa msisitizo: seredani ya mkaa isiingizwe chumbani, hata dirisha likiwa wazi, hata mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu tu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua mtu aliyelala. Mtungi wa gesi nao ukae mahali penye upepo, wima, na kila ukibadilishwa paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, funga. Kapu lenyewe lisikae karibu na moto, sufi inashika moto haraka sana.

#12 Kifumbu

Nyongeza kwa wasio na muda wa jioni: bizari ya mchuzi isagwe mara moja kwa muhula. Giligilani gramu 100, bizari nzima 50, pilipili manga 20, mdalasini 10, karafuu 5, hiliki 5. Kaanga kavu kwa moto mdogo, giligilani kwanza kwa sababu ni kubwa, karafuu na hiliki mwisho dakika moja tu. Zikipoa kabisa saga, ndipo uchanganye manjano ya unga gramu 30. Manjano haikaangwi, inakuwa chungu. Ukisaga kabla hazijapoa, unyevu unabaki ndani na bizari inashikana chupani. Karafuu msizidishe, najua tunazo nyingi Pemba, lakini gramu 5 zinatosha kusikika.

Rojo la kuanzia mchuzi: vitunguu kilo 1, tungule kilo 1, thomu (kitunguu saumu) gramu 100, tangawizi gramu 50, mafuta kikombe kasorobo. Vitunguu vipikwe mpaka viwe rangi ya asali, kisha vingine, mpaka mafuta yajitenge juu. Friji siku 4. Bila friji, la siku hiyohiyo. Na thomu iliyosagwa ikatiwa mafuta isiwekwe nje kwenye kabati. Bakteria wa botulizimu wanapenda hasa mahali kama hapo, pasipo hewa.

#13 Wete_Bandarini

Kapu mmelipigia debe, lakini hakuna aliyesema linasukwaje. Kununua kapu la kipenyo hicho si rahisi kwa kila mtu.

#14 UkiliKojani

Hilo niachieni mimi. Ukili ni kazi nzuri kwa mwanafunzi, kwa sababu unausuka huku unasikiliza rekodi ya muhadhara. Macho na mdomo viko huru, na ukili unaweza kuuacha wakati wowote bila kuharibika.

Kwanza hesabu. Kapu la kipenyo sm 40 na kina sm 33: ubavu ni 126 mara 33, kitako ni duara la sm 40. Jumla karibu sm 5,400 za mraba. Ukili wa upana wa sm 4 ukishonwa unapoteza nusu sentimita kwenye mshono, unabaki 3.5. Gawa: kama mita 15 na nusu. Ongeza moja ya kumi kwa ukingo na makosa. Suka mita 17.

Miyaa iliyokauka na kuwa nyeupe ichanwe kwa sindano nene au mwiba iwe na upana wa mm 8. Upana uwe sawa, hapa ndipo uzuri wote ulipo. Iloweshe, ikunje ndani ya kitambaa kibichi kwa nusu saa. Isiroweke kwenye maji mpaka itote: miyaa iliyotota inavimba, unaisuka ikiwa imejaa, ikikauka inasinyaa na ukili unakuwa na matundu. Ikiwa kavu sana inakatika kwenye mkunjo.

Jifunze kwanza kwa miyaa 5. Ya nje kabisa kulia pitisha juu ya inayofuata, chini ya ya pili, imefika katikati. Ya nje kushoto fanya vivyo hivyo. Rudia. Mkono ukizoea, nenda 7: ya nje inapita juu, chini, juu, inafika katikati. Miyaa 7 ya mm 8 inakupa upana wa karibu sm 4.

Kuunga: miyaa ikibaki sm 6 au 7, laza mpya juu yake, zisukwe pamoja mara tatu, ya zamani iachwe mgongoni. Usiunge mbili mahali pamoja, pananenepa na hapakubali sindano. Ukili ukianza kupinda kama upanga, mkono mmoja unavuta kuliko mwingine. Hausahihishwi kwa kunyoosha, ufumue mpaka ulipoanza kupinda.

Kushona unaanza katikati ya kitako, unauzungusha ukingo kwa ukingo kama gamba la konokono, kwa uzi wa nyavu au kamba nyembamba ya miyaa. Kitako kikifika sm 40 usiukate ukili, usimamishe tu na uendelee kupanda ubavu. Mshono wa mzunguko wa kwanza wa ubavu uvute sana, ndio unaolifanya kapu lisimame.

#15 FundiViua

Kwa wanaume wa dakhalia, na dada pia, kofia ya viua (yenye vitobo vilivyotariziwa) inachukulika zaidi kuliko ukili. Ukili unataka maji, kofia inakaa kavu ndani ya mkoba pamoja na daftari.

Pima kichwa juu ya masikio. Tuseme sm 56. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha duara la juu, sm 17.8, ongeza sm 2 za mshono: kata 19.8. Utepe wa ubavu sm 58 kwa 11, ukishashonwa unabaki sm 9. Vyote tabaka mbili za kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwanza, la sivyo kofia itasinyaa baada ya kufuliwa na kukubana.

Chora nakshi kwa penseli, tarizi vipande vikiwa bapa, uunge mwishoni. Vitobo vitobolewe kwa msumari mwembamba uliochongwa, usitumie mkasi. Msumari unazisukuma nyuzi pembeni na uzi wako unazifunga hapo. Mkasi unazikata, na siku kofia inapotiwa wanga na kunyooshwa, kitobo kinafumuka. Fanya safu moja kwa kikao, simama mwisho wa safu, usiachie katikati ya kitobo.

#16 Njukuti

Mashaallah, huu uzi umenona. La Ramadhani: kapu linafaa kwa daku?

#17 BiMekoni

Ndiko linakofaa kuliko kote. Kunde au mbaazi zichemke saa nne usiku, ziingie kapuni, saa kumi alfajiri zichemshwe dakika 5 tu. Ni saa 6, basi sufuria lijae, si nusu. Uji wa mtama vilevile, ila uchemke kwanza dakika 10 ukikorogwa na uwe mwepesi kuliko unavyoutaka, unazidi kushika kapuni. Kwa futari, muhogo haustahili kapu: unaiva kwa dakika 20, na maji ya kwanza yachemke kifuniko wazi na kumwagwa, kisha nazi.

#18 Wete_Bandarini

Na mkate wa kumimina? Samahani kwa kuuliza mengi.

#19 Kifumbu

Kapu haliwezi. Mkate unataka joto kavu la juu na chini, kapu lina mvuke. Lakini kwa gesi unawezekana. Mchele vikombe 2 urowekwe usiku kucha, uchujwe, usagwe laini kabisa na tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, hiliki nusu kijiko. Uumuke kama dakika 45. Ukishajaa mapovu usiukoroge tena, ndiyo matundu yenyewe hayo. Sufuria zito lipate moto, paka mafuta tone tu, mimina, moto mdogo. Matundu yakifunguka juu na uso ukikauka, lipindue sufuria juu ya moto mdogo mpaka uso upate rangi. Ukitia mafuta mengi mkate hautashika, utaanguka kwenye jiko.

#20 UsumbaMakunduchi

Nimalizie la usafi, maana hakuna aliyelitaja. Foronya ya mto wa juu ifuliwe kila wiki. Mito ya sufi haifuliwi: sufi ikilowa inashikana mabonge na haifumuki tena kama zamani. Ianikwe juani kwa muda wa saa mbili tatu, igeuzwe, na kila baada ya kutumia kapu liachwe wazi usiku kucha, mto wa juu nje. Msimu wa masika, kama jua halitoki siku kadhaa, pitisha mkono ndani ya mto mrefu. Ukihisi ubaridi wa unyevu au harufu ya ukungu, fungua mshono, toa sufi, itandaze kwenye mkeka ndani ya nyumba upepo unapopita, uirudishe ikikauka. Sufi yenye madoa meusi itupwe, usiichanganye na nzima.

#21 Njukuti

Na sufuria likimwagikia ndani?

#22 UsumbaMakunduchi

Toa mto husika siku hiyohiyo, fungua mshono, tupa sufi iliyolowa mchuzi tu, kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, ujaze upya. Ndiyo maana mito mitatu inashonwa mbalimbali badala ya kuijaza sufi moja kwa moja kwenye kapu.